Kamera Iliyopofuka Usiku wa Mvua

Fundi wa kujitegemea hastaafishwi na mtu, hustaafishwa na magoti. Yangu yaligoma mwezi wa tatu, nikiwa katikati ya ngazi kwenye ukuta wa ghala moja hapa Tunduma. Nilibaki nimeng'ang'ania pale hadi vijana wa kupakia mizigo wakanishusha kama gunia la maharage. Wiki iliyofuata niliwakabidhi ngazi ninyi mliobaki na duka. Mlinipa kitenge na saa ya ukutani, mkaniomba niseme machache. Mimi si mtu wa kusimama mbele za watu, nikawaambia nitaandika, mkacheka mkidhani nimetafuta mlango wa kutorokea. Haya, someni.

Nilianza kazi miaka ile bidhaa zilipoanza kurudi madukani, baada ya kipindi kirefu cha kupanga foleni ya sabuni. Ghafla kila nyumba Tunduma ikawa na redio kaseti, na haikuchukua muda kila redio kaseti ikawa mbovu. Kaka yangu alinituma na ya kwake kwa Mzee Siame, aliyekuwa na kibanda cha mabati karibu na mpaka. Mzee huyu alikuwa fundi umeme kwenye migodi ya Zambia ujana wake wote, akarudi nyumbani na masanduku mawili ya vifaa na kikohozi. Nilisimama mlangoni kumwangalia anavyofungua redio ile, nikauliza maswali mpaka akaweka bisibisi chini. Akaniambia kwamba mtu mwenye maswali mengi hivyo aidha aende nyumbani au arudi kesho na kigoda chake. Kesho yake nilirudi na kigoda.

Siku ya kwanza hakunipa bisibisi. Alinipa brashi ya rangi iliyochakaa na televisheni iliyokufa, akaniamuru nitoe mende. Nilitoa mende, mayai ya mende, na mbegu moja ya mchicha ambayo hadi leo sijui iliingiaje. Mende hupenda joto, na kifaa cha umeme ni nyumba nzuri kuliko nyingi za wapangaji wa hapa mpakani. Nilipomaliza, televisheni iliwaka yenyewe. Mzee Siame hakushangaa hata kidogo, ila mimi nilitaka kujua kila kitu kuanzia siku hiyo.

Alikuwa na kanuni moja, na aliirudia hadi nikaichoka. Mteja akileta kifaa, Mzee hakugusa kwanza. Aliuliza: kilisema lini mara ya mwisho, kilikuwa kimekaa wapi, nani alikigusa, mvua ilinyesha? Wateja wenye haraka walikasirika, hasa wale waliotoka ng'ambo ya mpaka kwa biashara, waliomwambia, "Mukwai," yaani bwana, "tengeneza tu." Yeye akaendelea kuuliza. Kisha ananigeukia: "Namwinga, binti yangu, usianze pale kilipofia. Rudi mpaka pale kilipokuwa kizima, halafu uje nacho polepole." Mtaona mbele kwamba niliijua kanuni hii kwa miaka zaidi ya ishirini, na siku iliyohitajika kuliko zote sikuitumia.

Baada ya redio zikaja antena. Huku kwetu tulitazama televisheni ya Zambia kabla ya kuwa na ya nyumbani, kwa hiyo kila paa lilikuwa na mti wa mwanzi wenye antena iliyogeuzwa kusini. Kazi yangu ilikuwa kupanda na kugeuza, huku mwenye nyumba akipiga kelele kutoka sebuleni kwamba sasa, hapana, ilikuwa pale pale, umepitiliza. Hapo ndipo nilipozoea ngazi. Mzee Siame alifariki kabla ya kuona madishi, nikarithi kibanda na masanduku yake mawili. Nililia sana, kisha nikafungua kibanda kesho yake, kwa sababu alikuwa ameacha redio za watu mezani.

Kamera zilikuja pale wafanyabiashara wa jumla walipoanza kuwa na mali nyingi kuliko ndugu wa kuilinda. Ya kwanza niliyofunga ilikuwa ya bandia, ganda tupu lenye kijitaa chekundu kinachometameta. Mwenye duka alisema wezi wa Tunduma hawana elimu hiyo. Baada ya siku nne waliiba kamera yenyewe, wakaacha skrubu zimepangwa vizuri kwenye dirisha. Niliwaheshimu kidogo watu wale.

Nikaanza kufunga za kweli, na kila moja ikawa na ugonjwa wake. Sitawapangia orodha, maana mtaikariri na kusahau, ila kuna mambo niliyolipia kwa kupanda na kushuka. Ile ya duara kama bakuli lililogeuzwa ni nzuri ndani ya duka. Nje, kwenye mvua ya upepo, matone hukaa kwenye bakuli lile na usiku kila tone linakuwa taa. Nje fungeni ile ndefu kama tochi yenye kofia, na kofia isogezwe mbele kidogo. Kwenye boksi tafuteni herufi IP na namba mbili. Ya kwanza ni ya vumbi, ya pili ni ya maji, na ya pili ikiwa chini ya sita mrudishieni muuzaji. Hata hivyo maji hayaingii kwenye kamera, huingia kwenye kiunganishi cha kebo ambacho fundi mvivu amekiacha kinaning'inia. Kebo ishuke kwanza chini ya tundu iwe kama tumbo, ndipo ipande kuingia, ili maji yadondokee pale tumboni. Na msiielekeze kamera kwenye foleni ya malori. Taa za lori moja zitaifanya isione kitu mpaka lori lisogee, na malori ya hapa mnajua yanavyosogea.

Kesi iliyonifurahisha zaidi ya hizo ilikuwa ya mama mmoja muuza vitenge karibu na stendi. Kamera yake ilizimika kila jua likizama na kufufuka alfajiri. Watu walishasema ni mambo ya kishirikina, na jirani yake alikuwa ameanza kusalimiwa kwa mbali. Nikarudi mpaka pale ilipokuwa nzima: mchana. Mchana kamera hula umeme kidogo. Giza likiingia inawasha vijitaa vyake vya usiku, vile ambavyo macho yetu hayavioni vizuri, na hapo inahitaji umeme zaidi. Yeye alikuwa amenunua kebo nyembamba, ndefu, ya bei poa, na jioni umeme wa mtaa wote unashuka kwa kuwa kila mtu amewasha kitu. Kamera ilikuwa na njaa tu. Nilibadilisha kebo, na jirani akaanza kusalimiwa kwa karibu.

Sasa niwaambie ya Iyula, ambayo sikuwahi kuisimulia dukani.

Kikundi cha wakulima kule Iyula kilikuwa na ghala, na msimu wa mvua ghala lile lilijaa mbolea iliyosubiri kugawiwa wanachama. Niliwafungia kamera moja nje, juu ya mlango, yenye kofia na namba nzuri za maji. Mashine ya kurekodi na skrini nikaviweka ofisini, chumba kidogo chenye kufuli, na ufunguo wake ulikuwa na watu wawili tu: mwenyekiti wa kikundi na karani wa ghala. Siku ya kufunga, mlinzi alinishikia ngazi. Aliitwa Mzee Nzunda, mtu mfupi, mpole, mzee wa kanisa. Aliniuliza kwa adabu kitu kile kinaogopa nini. Nilikuwa na haraka ya kuwahi gari la Mlowo, nikamjibu kutoka juu, "Kinaogopa maji, baba. Kikiingia maji kimekufa." Akaitikia kwamba amesikia.

Kama majuma sita baadaye, niko juu ya ngazi Tunduma, simu nimeibana kwa bega, mwenyekiti ananieleza kwamba baadhi ya usiku picha inakuwa nyeupe tupu mpaka asubuhi, na mifuko ya mbolea inapungua. Mchana picha ni safi kabisa. Kwa nini? Sikumuuliza lini ilianza. Sikumuuliza kama mvua ilinyesha. Nilisema, "Mchana nzima na usiku nyeupe, basi kuna mtu anaifunika," nikakata simu, nikaendelea kukaza skrubu.

Siku kumi zikapita, akanipigia kunishukuru. Wamempata. Ni mlinzi mwenyewe. Walimwita mbele ya kamati wakamuuliza kama huwa anaifunika kamera usiku, naye akakubali bila hata kusita. Jumamosi kungekuwa na mkutano wa wanachama wote: akabidhiwe polisi, na familia yake ifutwe kwenye orodha ya mbolea. Kanisani walikuwa wameshamsimamisha.

Nakiri kwamba nilijisikia vizuri, kwa muda wa kutosha kusema asante. Halafu udadisi ule ule wa mlangoni kwa Mzee Siame ukanishika. Nikauliza, "Anaifunika na nini?"

Mwenyekiti akajibu, "Hatukumuuliza hilo, fundi."

Mwizi anayeifunika kamera hakiri bila kusita. Na mwizi gani anafunika siku moja na kuacha siku mbili? Nilitafuta raha siku ile sikuipata. Ijumaa nikapanda gari mpaka Mlowo, kutoka pale nikachukua pikipiki, barabara ya utelezi, nikafika Iyula nimepakwa matope mpaka shingoni. Mwenyekiti, mwalimu mstaafu na mtu wa haki kwa jinsi alivyoelewa haki, alinifungulia ofisi. Karani alikuwepo, akaniletea kiti na chai, akasema hakukuwa na haja ya kuhangaika maana mtu ameshakiri.

Nikaomba wanionyeshe walichokiona. Karani akapeleka rekodi moja kwa moja kwenye ule weupe, kwa ustadi wa mtu aliyezoea njia. Skrini nyeupe, saa zinakimbia pembeni, weupe, weupe, asubuhi. Hicho ndicho kamati nzima ilikuwa imeonyeshwa. Nikamwomba anipishe, nikairudisha nyuma mpaka pale kamera ilipokuwa nzima, jioni, bado kuna mwanga.

Mvua inaanza. Mzee Nzunda anatokea na ngazi, anapanda, uso wake unajaa skrini nzima, kila mvi unaiona. Anatoa mfukoni nailoni, ile inayoonyesha, ya kufunikia kitu kipya, anaikunjua, anaivalisha kamera, anaifunga kwa ukanda wa mpira wa baiskeli kwa uangalifu kama anamfunga mtoto mgongoni. Picha haibadiliki. Bado unaona uwanja, mlango, mvua. Anashuka. Dakika chache, giza linaingia, vijitaa vya usiku vinawaka, na hapo hapo kila kitu kinakuwa cheupe.

Nikaelewa yote kwa mara moja. Mchana mwanga unatoka nje, unapita kwenye nailoni, kamera inaona. Usiku mwanga unatoka kwenye kamera yenyewe, unagonga nailoni iliyo mbele ya pua yake, unarudi kuipofusha. Nikapeleka rekodi mbele mpaka asubuhi. Mzee anapanda tena, anafungua mpira, anafuta lenzi kwa pindo la shati, anaikunja nailoni mara nne, anairudisha mfukoni. Kabla ya kushuka midomo yake inacheza, anasema neno. Mashine ile hairekodi sauti.

Nilikwenda kwake jioni ile. Nilimkuta uani akipukuchua mahindi, mkewe hakuniangalia usoni. Nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kinyongo, na hilo liliniumiza kuliko kama angenifukuza. Akasema alijua fundi atakuja. Kamati ilipomuuliza kama anaifunika alijibu ndiyo, kwa sababu anaifunika, na ni fundi aliyesema isiingie maji. Kisha wakaanza kupiga kelele na hawakumpa nafasi tena. Alikuwa anasubiri nije nieleze. Nikamuuliza asubuhi huwa anaiambia nini kamera. Akaona haya kidogo.

"Naisalimia. Si imekesha kama mimi."

Jumamosi kulikuwa na ukungu, watu wamejifunga mashuka, ghala limejaa. Nilikuwa nimeishusha kamera na kuiunganisha na skrini, nikaiweka juu ya mifuko. Nikaomba milango ifungwe na madirisha yazibwe kwa magunia, mchana kweupe. Gizani kamera ikawasha vijitaa vyake, na wanachama wakajiona kwenye skrini, wa kijivu, wengine wakijirekebisha vilemba. Nikaivalisha nailoni ya Mzee Nzunda. Weupe. Nikaitoa, watu wakarudi. Mwenyekiti akaomba nirudie. Bibi mmoja akaja kuishika nailoni kwa vidole, akaipeleka machoni, akasema mbona yeye anaona kupitia hapo. Nikarudia tena kwa ajili yake.

Kisha nikawaonyesha ile jioni, uso wa mlinzi mbele ya lenzi. Nikawauliza: mtu anayetaka kuificha kamera ili aibe, anaiangalia hivi? Mzee huyu aliamini inaona. Hajawahi kuingia ofisini, hajawahi kuiona picha ya usiku hata moja. Aliyejua kwamba usiku wa mvua kamera ni kipofu ni yule tu aliyekuwa akiitazama skrini asubuhi yake.

Mwenyekiti, kwa kuwa ni mtu wa haki, alitoa kwanza ufunguo wake mwenyewe akauweka mezani. Wa pili ulichelewa. Watu wakageuza vichwa taratibu kuelekea benchi la karani, naye akasema ana simu muhimu ya kupokea nje. Jumatatu nilisikia amevuka mpaka kwenda Nakonde. Mifuko, aliyokuwa akiitoa mlinzi akiwa amejikinga mvua nyuma ya ghala, ilikutwa kwenye banda la shemeji yake, chini ya majani ya ng'ombe, na kikundi kikapeleka taarifa polisi.

Ningeweza kuishia hapo kama shujaa, na njiani kwenda mkutanoni nilikuwa nimeamua hivyo. Mwenyekiti hakuwa ametaja mahali popote kwamba neno lilitoka kwangu. Lakini walipokuwa wanampigia mzee makofi, na mchungaji anamshika mkono, mzee mwenyewe alikuja moja kwa moja kunishukuru, kofia mkononi, kwamba nimemwokoa. Sikuweza kuibeba shukrani ile. Nikamwambia mbele ya watu wote kwamba maneno "kuna mtu anaifunika" niliyasema mimi, kwa simu, bila kuja kuangalia, bila kuuliza swali hata moja. Kamati ilianzia hapo.

Mzee Nzunda aliangalia nailoni iliyokuwa bado mkononi mwangu. Alifikiri kwa muda, bila hasira, kama mtu anayetafuta mahali kitu kilipoanzia kuharibika.

"Mama," akasema, "siku ile ungeniambia tu isifunikwe."

Ndiyo maana miaka yote iliyofuata mlikuwa mnaniona nikimaliza kufunga kamera, kabla ya kwenda kwa tajiri, namtafuta mlinzi. Nampeleka kwenye skrini, nazima taa, namwonyesha usiku wake unavyoonekana, namweleza maji na nailoni, halafu namwomba anirudishie kwa maneno yake. Mlikuwa mnalalamika kwamba nawachelewesha gari. Fanyeni hivyo hivyo.

Siku ile ya mkutano nilipanda ngazi kurudisha kamera mahali pake, Mzee Nzunda akinishikia chini kama mwanzo. Nilikaza skrubu, nikaifuta lenzi kwa pindo la kitenge changu, ingawa ilikuwa safi, na nilipohakikisha hakuna anayenisikia, nikaisalimia.